Mashine ipi ya santuri kwa bei ya kati?

SWALI: Mjomba ameniachia santuri zake, nyingi za kasi ya 33 (mizunguko kwa dakika), chache nzito za 78. Amplifaya na spika ninazo. Ninunue mashine ya mkanda, ambayo mota huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira, au ile ambayo mota huzungusha sahani moja kwa moja?

JIBU: Ndugu msomaji, hizo za 78 ndizo zinazoamua. Mashine nyingi za mkanda za bei ya kati, Rega Planar 1 ikiwamo, huzunguka kwa 33 na 45 tu. Ningekuchagulia Audio-Technica AT-LP120X: haina mkanda, na ina kasi zote tatu.

Ila tafadhali, usicheze 78 kwa sindano inayokuja nayo! Mifereji ya santuri hizo ni mipana. Sindano ndogo huzama mpaka chini, ikakwaruza na kutoa mchakacho mtupu. Nunua sindano ya 78 inayoingia kwenye katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya VM95 inayokuja na mashine hiyo. Unachomoa moja na kupachika nyingine kwa vidole, kisha unapanga upya uzito wa mkono, yaani jinsi sindano inavyokandamiza santuri, kama maelekezo yake yasemavyo. Kwa ile ya kawaida, gramu 2.

Angalia pia nyuma ya amplifaya yako. Kama ina tundu lililoandikwa PHONO, yaani la mashine ya santuri, linalokuza sauti yake hafifu, litumie, na swichi ya mashine iwe PHONO vilevile. Kama haina, weka swichi kwenye LINE, mashine ikuze sauti yenyewe. Usikuze mara mbili, sauti itapasuka.

Na mashine isikae meza moja na spika.