Bawaba Ichaguliwe Kabla ya Mlango Kufika

Katika ujenzi wa nyumba nyingi za Dar es Salaam, bawaba hununuliwa siku ile ile fundi seremala anapokuja kupachika milango, wakati fedha zimekwisha kwenye mbao na vitasa, na kinachochukuliwa ni kile kilichopo duka la jirani. Baada ya kusimamia ujenzi wa nyumba ya familia Kigamboni na ukarabati wa nyingine Kimara, naamini kwamba utaratibu huo unapaswa kugeuzwa, na bawaba ichaguliwe mapema kwa kuangalia uzito wa mlango na hewa inayouzunguka.

Mlango wa mbele wa mninga au mkongo, wenye urefu wa futi 7 na upana wa futi 3, unaweza kufika kilo 40 na kupita, wakati mlango wa chumbani wa plaiwudi wenye uwazi ndani huwa mwepesi zaidi kwa kiasi kikubwa. Uzito huo hauzielemei bawaba zote kwa namna moja: ya juu huvutwa kutoka kwenye fremu na ya chini husukumwa kuingia, ndiyo maana mlango uliolegea huachia juu na kukwaruza sakafu kwa ile kona ya chini iliyo upande wa kitasa. Kwa mlango mzito nasisitiza bawaba tatu za inchi 4 au 5, zenye bamba nene la milimita 3 hivi, na ile ya tatu naipenda ikae karibu na ya juu ili zisaidiane kuushikilia mlango. Wapo mafundi wanaoiweka katikati kabisa, na wana hoja, kwa kuwa hapo huzuia ubao usipinde wakati wa masika. Lakini mninga uliokaushwa vizuri hauchezi sana, hivyo kwake hoja ya uzito ndiyo kubwa.

Jambo ninalolipa umuhimu zaidi ni hewa ya bahari. Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach na Msasani upepo huja na chumvi, nayo chumvi ikitua juu ya chuma hunyonya unyevu wa hewa na kukiacha na umajimaji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Bawaba ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki nyembamba hushikwa na kutu mapema kwenye pini, ule mhimili wa katikati unaounganisha mabamba yake mawili, kwa sababu kila mlango unapofunguliwa chuma husuguana na chuma na mpako huondoka.

Mng'ao wa dukani usikushawishi. Bawaba nyingi zenye rangi ya dhahabu ni chuma kilichopakwa tu, na ndiyo maana mimi huenda Kariakoo na sumaku ndogo mfukoni. Shaba halisi haivutwi na sumaku. Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya daraja la 304 au 316 huvutwa kidogo sana au haivutwi kabisa. Chuma kilichopakwa hunasa papo hapo. Stenlesi ya daraja la 430 nayo hunasa, na inafaa vyumba vya ndani, lakini siiweki kwenye mlango unaotazama bahari. Kwa kuwa sumaku haiwezi kutenganisha 304 na 316, hapo tafuta namba kwenye bamba au kwenye boksi. Hiyo 316 imeongezwa molibdenamu, inayoifanya iistahimili chumvi vizuri zaidi, na kwa nyumba iliyo karibu kabisa na ufukwe bei yake ya juu ni halali. Kimara, mbali na pwani, nimeridhika na 304 kwa milango ya nje na ya bafuni.

Skrubu ziwe za metali ile ile ya bawaba. Inasikitisha kuona bawaba nzuri ya stenlesi imefungwa kwa skrubu za zinki, kwa sababu skrubu hizo huliwa na kutu haraka na mlango hudondoka bawaba ikiwa bado mpya. Kwenye mbao ngumu, fundi atangulize tundu kwa drili na apake nta kwenye skrubu. Skrubu za shaba ni laini na hukatika vichwa, kwa hiyo aingize kwanza skrubu ya chuma, aitoe, kisha ndipo aweke ya shaba.

Mlango unaofungukia nje hubakiza pini upande wa barabarani, na mwizi anaweza kuigonga ikatoka. Hapo nunua bawaba ambazo pini yake haichomoki. Milango ya kabati za jikoni ina bawaba zake za kujificha, ambazo kikombe chake huhitaji tundu la milimita 35.

Bawaba zikishapatikana, mkabidhi fundi kabla hajashika patasi, ili achimbe nafasi kwa kipimo cha bamba lenyewe. Akimaliza, fungua mlango nusu na uuachie, madirisha yakiwa yamefungwa. Mlango ukisimama palepale, bawaba zimenyooka. Ukijifunga au ukijifungua wenyewe, basi fremu au bawaba hazikusimama wima, na ni vyema zirekebishwe kabla ya kupaka vanishi na kabla ya kumlipa fundi salio lake.