Wati 500 Mbona Hazitoshi?

SWALI: Habari za kazi kaka, nimenunua kadi ya picha RTX 3060 ya mtumba nimeifunga kwenye kompyuta yangu ya prosesa i5-12400, nikiandika au nikiangalia video haina shida kabisa ila nikifungua gemu dakika mbili tu inazima puu alafu inajiwasha yenyewe. Fundi kaniambia nipige Windows upya, nimepiga, tatizo liko palepale. Pawasaplai, ile ya kugawa umeme ndani ya kesi, imeandikwa wati 500, si zinatosha? Msomaji, Temeke.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, Windows unaionea bure. Hizo 500 za kwenye boksi achana nazo, zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kesi usome stika ya saplai yenyewe, tafuta palipoandikwa +12V uone ampia ngapi, zidisha mara 12, hizo ndo wati ambazo kadi na prosesa wanagombania. Ukikuta ampia 20 basi una wati 240 tu, zilizobaki wamezijazia kwenye volti 5 na 3.3 ambazo kwenye gemu hazikusaidii. Sasa 3060 inakula 170, i5-12400 ikikazwa inafika 117, tayari 287 na feni hujahesabu! Ukiandika kadi imelala ndo maana mashine inatulia, gemu likianza kadi inaruka hata juu ya 170 kwa nukta ya sekunde, saplai inazidiwa inajikata. Na shukuru inajikata, kuna zingine zikiungua zinaondoka na mazabodi, ile bodi kuu ya mashine.

Nvidia wenyewe, wenye chipu ya kadi hiyo, wanasema saplai ya 550. Chukua 550 ya ukweli, ya ampia 40 na kitu kwenye +12V, na waya wa pini 8 wa kulisha kadi utoke humohumo kwenye saplai. Nakuomba sana, muuzaji akikupa adapta ya kutoa umeme kwenye plagi ya SATA ya diski mrudishie hapohapo, plagi ile kwenye volti 12 inabeba wati 54 tu wakati pini 8 imetengenezwa kupitisha 150, nimeshaona plastiki imeyeyuka ikagandia kwenye kadi ya mtu.

Stika ya 80 Plus ni nzuri ila inaongelea umeme usipotee, siyo wingi wa nguvu.

Kama hela bado, weka programu ya MSI Afterburner ushushe kikomo cha nguvu cha kadi mpaka asilimia 75, gemu litapungua kasi kidogo tu, ila ikizima tena hata hivyo usilazimishe, subiri saplai mpya.