Si mume wa usiku, binti yangu

*Mama, Bwana asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 27, ninakaa Katuba hapa Lubumbashi, ninaimba soprano katika kwaya ya kanisa letu. Nimeposwa na kijana anayefanya kazi Kolwezi. Nusu ya mali imeshatolewa, nusu wajomba bado wanaidai, sasa ni mwaka wa pili.*

*Shida yangu ni mwili. Mawazo ya kitandani yananijia mchana nikiwa kazini, hata kanisani mpiga gitaa akikunja mikono ya shati. Usiku naota niko na mwanaume, mara ni mchumba wangu, mara simjui kabisa, naamka mwili umeshamaliza mambo yake. Mara kadhaa nimejigusa mwenyewe, kisha nalia hadi asubuhi. Usiku mmoja niliamka nikahisi kitu kimenikalia kifuani, nikashindwa hata kupiga kelele.*

*Mama mmoja mwombezi alinipeleka kwa nabii wa chumba cha maombi. Nabii akasema nina mume wa usiku, yaani jini linalolala nami ndotoni, ndiye anayezuia ndoa yangu. Nimefunga siku tatu bila maji, nimekesha, nimetoa sadaka ya dola 50. Ndoto zimezidi. Sasa anataka nije Ijumaa usiku, peke yangu, anipake mafuta mwili mzima. Kwenye mikutano ya vijana wanaongea tamaa ya wanaume tu. Sisi tunaambiwa tufunike magoti ili kaka zetu wasianguke. Mimi ni mwanamke wa namna gani? Niache kwaya? Niende Ijumaa?*

*Mwimbaji wa Katuba*

Binti yangu, tuanze na Ijumaa, maana hilo halingoji. Usiende. Mafuta anayoyataja Yakobo katika sura ya 5 hupakwa na wazee wa kanisa, tena wengi, walioitwa na mgonjwa mwenyewe. Nabii mmoja na binti mmoja usiku, hayo Yakobo hakuyaandika. Simjui mtu huyo, na sitamhukumu kwa jambo ambalo hajalitenda. Lakini hapa Kongo sheria ya Julai 2006 juu ya makosa ya kingono inamfunga pia mtu anayetumia mamlaka yake kujipatia mwili wa mwenzake, na sikuona ndani yake mstari unaowaachilia manabii. Akipiga simu, mwambie mama amekataa. Mama ndiye mimi, mzigo huo nitaubeba.

Zile dola 50 zihesabu zimekwenda. Usiziongezee nyingine.

Unauliza wewe ni mwanamke wa namna gani. Wa kawaida, mwanangu. Tumelelewa tukiambiwa tamaa ni ya wanaume, na kazi ya msichana ni kushusha sketi. Ndiyo maana kijana akiungama tamaa kanisani anaombewa na kupigwapigwa bega, lakini msichana akiungama jambo lile lile anatafutiwa pepo. Hilo mimi limenichosha. Fungua Wimbo Ulio Bora, sura ya 3, mwanzoni kabisa: mwanamke anasimulia kwamba usiku, kitandani, alimtafuta yule ambaye nafsi yake inampenda, asimpate. Hajaolewa na jini. Yumo katika Biblia ile ile unayoibeba kwenda mazoezi ya kwaya, na wazee waliokusanya Maandiko hawakumfuta.

Sasa huyo mume wa usiku. Mwaka 1953 mtafiti wa Marekani, Alfred Kinsey, alichapisha matokeo ya mahojiano na maelfu ya wanawake wa kwao. Kufikia umri wa miaka 45, wapata 37 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kufika kileleni wakiwa usingizini. Wengine kati yao walikuwa na mume wa mchana kabisa, anakoroma pembeni. Usingizi una vipindi vinavyorudi mpaka alfajiri, na katika kile cha ndoto damu huongezeka kwenye viungo vya uzazi, kwa mwanaume na kwa mwanamke, hata kama unaota unanunua unga wa bukari sokoni. Katika kipindi hicho hicho ubongo huzima misuli, usije ukarusha mateke kwa sababu unaota unakimbia. Ikitokea umeamka na misuli haijaamka, unaona chumba chako lakini huwezi kusogea, kifua ni kizito, na woga unakuonyesha mtu. Ndilo jinamizi. Huwapata watu wazima kwa watoto, na huwapata zaidi wanaolala chali na waliokosa usingizi. Wewe walikupa dawa gani? Kukesha, na siku tatu bila tone la maji. Ndoto zitaachaje kuzidi?

Sibishani na wanaoamini kwamba pepo wapo. Injili zimejaa pepo. Ila soma uone Yesu aliwatendea nini wanawake waliokuwa na habari ya mwili. Msamaria wa kisimani, wanaume watano na wa sita si wake, Yohana 4. Yule aliyefumaniwa, Yohana 8. Yule aliyeingia kwa Simoni Mfarisayo akamlowesha Yesu miguu kwa machozi, Luka 7. Hakuna hata mmoja aliyetolewa pepo. Aliongea nao. Utaambiwa Maria Magdalena alikuwa na pepo saba, na ni kweli, lakini hakuna mwinjilisti aliyeandika kwamba pepo hao walikuwa wa uasherati. Hayo ni maneno ya wahubiri.

Nami nina sababu nyingine ya kulikataa jina hilo, na ndiyo iliyo kubwa. Yakobo 1:14 inasema kila mtu hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Yake. Ukishaambiwa kinachokusumbua ni mume kutoka chini ya maji, umenyang'anywa kitu kilicho chako. Hutakiwi tena kukijua wala kukiongoza, unatakiwa tu kulipa mtu akifukuze, na kikirudi ulipe tena. Tamaa yako ni ya kwako, Mungu ndiye aliyekuumba nayo, na kwa sababu ni ya kwako unaweza kuishika hatamu. Haitakuwa rahisi. Lakini itakuwa kazi yako na Bwana wako, wala si mradi wa nabii.

Turudi kwa mpiga gitaa na mikono ya shati lake. Umemwona, mwili ukashtuka. Hapo bado hujatenda kitu. Kulikuwa na mmonaki katika jangwa la Misri, Evagrio, aliyefariki mwaka 399, baada ya miaka ya kufundisha watu waliokimbilia mchangani kutafuta usafi wa moyo. Alisema kama mawazo haya yatatusumbua au la, hilo haliko mikononi mwetu. Kama yatakaa au hayatakaa, hilo liko mikononi mwetu. Hata maneno makali ya Yesu katika Mathayo 5:28 yanamhusu anayetazama kwa kusudi la kutamani. Wazo likibisha hodi, huna kosa. Ukilivutia kiti, ukalipikia, ukaanza kumvua yule kijana shati kichwani mwako kuanzia zaburi hadi matangazo, basi hapo tuna jambo la kuungama. Wewe unajua ni dakika gani unapovuta kiti. Mimi siwezi kuijua, wala mchungaji wako.

Na wazo lenyewe usipigane nalo kwa kelele. Anayekemea “toka, toka” siku nzima anashinda akilitazama. Lijibu kwa ufupi: ndiyo, ni kijana mzuri, Mungu ambariki na mke wake atakayempata. Kisha rudi kwenye sauti yako ya soprano, maana kiongozi wa kwaya ameshakutazama mara mbili.

Ndoto nazo ziache. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulio leo nchini Algeria, aliishi na mwanamke miaka mingi na kuzaa naye kabla ya kubatizwa mwaka 387. Baadaye, akiwa tayari askofu wa Hippo, alimwandikia Mungu maungamo, na humo alikiri kwamba picha za zamani, zisizo na nguvu mchana, bado zinamjia usingizini na kumshinda. Akauliza: je, ninapolala mimi si mimi? Akaona kwamba akiamka dhamiri yake inapata amani, kwa sababu jambo lile hakulitenda yeye, lilitendeka ndani yake. Kama askofu aliyeandika nusu ya mafundisho tunayokariri alioga asubuhi na kwenda kazini, nawe oga uende kazini.

Kuhusu kujigusa nitasema kwa ufupi. Biblia haina mstari unaolitaja. Onani wa Mwanzo 38, ambaye hutolewa kila mara kama mfano, alihukumiwa kwa kumnyima Tamari, mjane wa ndugu yake, uzao. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ni dhambi, na katekisimu yake hiyo hiyo inataka mazoea na mahangaiko ya mtu yaangaliwe kabla ya kupima uzito wa kosa. Wachungaji wa Kiprotestanti hawasemi kitu kimoja. Maoni yangu: angalia kinachokuja nalo. Kama linakuja na video za simu, au na mume wa mtu, au limekuwa ndiyo maficho yako kila ukiwa na huzuni, lipunguze kwa bidii na utafute mtu wa kuongea naye. Kama ni mara kadhaa, kama unavyosema, ungama mara moja na ulale. Hicho kilio cha hadi asubuhi kinakula usingizi, na tumeshaona usingizi ukikosekana kinafuata nini.

Mambo madogo nayo yasaidia. Simu ilale sebuleni. Hesabu siku zako: wanawake wengi huona tamaa inapanda katikati ya mzunguko, siku za yai kukomaa, ukizijua siku hizo hutashtuka, wala hutapanga kukaa peke yako na megabaiti za usiku. Kula vizuri, maji unywe. Ukitaka kufunga, funga kwa kumpenda Mungu, usifunge ili kuuadhibu mwili. Na tafuta mwanamke mmoja mzima, aliyeolewa, asiye na mdomo mrefu, umwambie haya uliyoniandikia. Yule mama mwombezi simwoni katika orodha hiyo.

Sasa tufike Kolwezi. Umeandika kurasa nzima za pepo, na mchumba wako umempa mstari mmoja! Je, anajua? Simwambii mtu aingie katika maelezo ya ndoto kwenye simu saa sita ya usiku, hapo mtawasha moto mwingine. Ila akija, mkae mahali penye watu, mchana, umwambie: mwili wangu unakungoja, na kungoja kumekuwa kugumu. Hapa kwetu Katanga kuna wazee walioyaongea haya bila kuficha uso. Mwaka 1953, huko huko Kolwezi, padri Mfransisko Placide Tempels alianza kuwakusanya wafanyakazi wa migodi ya Union Minière na wake zao, wakaitwa Jamaa. Walikaa mume na mke wakafundishana kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Baadaye maaskofu waligombana na baadhi ya makundi yao, hiyo ni habari nyingine. Lakini walijua kwamba mapendo yanaongelewa.

Na mkishaongea, nendeni kwa anayezuia ndoa yenu kweli. Si jini. Ni wajomba. Paulo, ambaye mwenyewe hakuwa na mke, aliwaandikia Wakorintho kwamba ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa, 1 Wakorintho 7:9. Hakuandika kwamba muwake miaka miwili hadi suti ya mjomba wa pili ipatikane. Wazazi wetu wanataka binti msafi na wakati huo huo wanamwekea kijana orodha ya mbuzi, vitenge na dola ambayo mshahara wa Kolwezi hauimalizi. Hayo mawili hayakai nyumba moja. Mwombe baba yako, au shangazi ambaye wajomba wanamheshimu, aitishe kikao. Kinachobaki kinaweza kulipwa baada ya harusi kidogo kidogo, familia nyingi hapa mjini zimefanya hivyo bila mtu kufa. Mchungaji wako naye akae hapo. Kama anajua kuhubiri usafi kwa vijana, ajue pia kuwaomba wazee wapunguze.

Usifikiri lakini kwamba harusi itaizima tamaa. Walioolewa nao huona mikono ya mashati. Utaingia ndoani na mwili huo huo, ila utakuwa na mtu wa kwenda naye nyumbani, na mazoezi haya ya sasa, ya kutolivutia wazo kiti, utayahitaji mume akiwa safarini.

Kwaya usiache. Kama wanaobaki kwenye kwaya ni wale tu ambao mwili wao haujawahi kushtuka, Jumapili tutasikia kinanda peke yake.

Kikao cha wajomba kikishapita, niandikie walisema nini. Na kama yule nabii ataendelea kupiga simu, usifute namba zake wala ujumbe wake. Mwonyeshe baba yako.