Re: Kwa nini mpira mweupe unakwenda kushoto nikiupiga upande wa kulia?

Mkuu, umeuliza kama tatizo ni uzito wa fimbo yako ya pool. Hapana. Fimbo nzito ya gramu 600 inaweza kupotosha mpira kidogo kuliko nyepesi. Kinachoamua ni uzito wa ile sehemu ya mbele kabisa, sentimita 15 hadi 20 hivi kutoka kwenye ngozi ya nchani inayogusa mpira.

Ngozi hugusa mpira kwa takriban elfu moja ya sekunde. Ukipiga pembeni, mpira unaanza kuzunguka na kuisukuma ncha iende kando. Muda ni mfupi mno, kwa hiyo kitako cha fimbo na mkono wako havipati nafasi ya kuhusika. Ncha ikiwa nzito inagoma kusogea, basi mpira ndio unaosogea. Ikiwa nyepesi, yenyewe inapisha.

Ndiyo maana Predator, watengenezaji wa fimbo, walipotoa modeli yao ya 314 miaka ya 1990 waliitoboa mbele ikawa na uwazi ndani. Fimbo za kaboni za siku hizi nazo ni mrija. Unene wa ncha nao una kazi yake: milimita 12 huwa inapotosha kidogo kuliko 13 ya mbao ileile.

Lakini hakuna fimbo inayoondoa upotofu wote, na ukipiga taratibu kwenye kitambaa kizito mpira hujikunja kurudi upande wa spini (mzunguko), yaani upande ulioupiga. Kabla hujatoa hela, shika fimbo moja tu, piga mipira mirefu ya spini kwa nguvu ileile, uone inakosea wapi. Kubadilisha fimbo kila wiki ndiko kunakoharibu shabaha.