Mafuta ya karafuu na ndago sugu

SWALI: Bwana Shamba, shikamoo. Dawa za kuulia magugu nimeziacha kwa sababu wanangu hucheza bustanini. Nilitia matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye lita ya maji, nikanyunyizia. Magugu madogo yalibabuka kidogo, lakini ndago haikutikisika. Kwa nini?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza, matone machache hayatoshi. Mafuta haya, hata ya mdalasini au mchaichai, huua kwa kuunguza: hupasua utando wa seli za jani, maji yake yanavuja, jua linamalizia. Litazame jani la mchicha pori lililonyunyiziwa asubuhi. Hutoka madoa meusi yenye unyevu, kama limemwagiwa maji ya moto, kisha hulegea, na baadaye ukiligusa linavunjika. Ila huungua pale tu palipoguswa, kwa hiyo jani lilowe lote.

Ili yafanye kazi hiyo unahitaji mililita 50 hadi 100 kwa lita moja, pamoja na sabuni ya maji kidogo ili mafuta yachanganyike na maji. Tikisa bomba mara kwa mara. Nyunyiza siku ya jua, isiyo na upepo, magugu yakiwa na majani mawili matatu tu. Kwa kiasi hicho utaona mwenyewe kwamba ni dawa ya kijinjia na nyufa za sakafu ya nje, si ya shamba zima. Katikati ya mboga usiithubutu, kwani haichagui.

Ndago je? Nguvu zake ziko chini, kwenye vidundu vilivyoungana kama shanga. Ukiunguza majani, vidundu vinachipua upya, kwa hiyo usipoteze mafuta yako hapo. Subiri udongo ulowe, chimba kwa uma wa bustani, ondoa vidundu vyote unavyoviona, na kila chipukizi jipya ling'oe mapema kabla halijatengeneza vingine. Ni kazi ya misimu, sikufichi.

Kuhusu watoto nakusihi sana: kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi na macho, na mtoto akiyameza, hata kidogo, yanaweza kumdhuru ini. Vaa glavu na miwani, funga chupa kabatini, na watoto na paka wasikanyage hapo hadi pakauke kabisa. Akiyameza mtoto, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.