Projekta moja, darasa la watoto sabini: ninavyofanya mimi huku Kibosho

Mkuu, umesema shule yenu imeletewa projekta moja na kompyuta mbili, intaneti ni ya kubahatisha, na mkuu wa shule anadai "vipindi vya kisasa". Unauliza uanzie wapi. Nafundisha fizikia na hisabati shule ya kata huku Kibosho, juu ya Moshi, na vifaa vyetu ni karibu hivyo hivyo.

Usihamishie notsi zako kwenye slaidi. Mwalimu anayesoma slaidi ni yule yule aliyekuwa anaimlia darasa notsi, ila sasa anategemea TANESCO. Mimi projekta naiwasha kwa kitu ambacho chaki haikiwezi: kinachosogea, au kisichoonekana kwa macho. Kuna wiki siigusi kabisa.

Chukua mkondo wa umeme. Mchoree mtoto wa kidato cha pili betri na balbu mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja. Atakwambia balbu ya kwanza inakula umeme, ya pili inapata mabaki. Utamkatalia kwa chaki mpaka uchoke, na kwenye mtihani ataliandika vile vile. Nafungua simulesheni (jaribio la kuigiza kwenye kompyuta) ya PhET, zile za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi alioanzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Naunganisha saketi mbele yao lakini swichi siifungi. Naweka ameta (kifaa cha kupimia mkondo) moja kabla ya balbu ya kwanza, nyingine baada ya balbu ya pili. Ipi itasoma zaidi? Kila mmoja aandike kwenye daftari, kisha abishane na jirani yake. Hapo ndipo kipindi kilipo. Swichi ikifungwa, ameta zote zinasoma sawa, na darasa linalipuka kwa kelele. Ukikimbilia kuifunga kabla hawajabashiri, wataitazama kama sinema ya kibanda umiza, basi.

Halafu natoa betri, waya na balbu za tochi za dukani. Balbu hizi hazilingani zenyewe kwa zenyewe kama zile za kwenye skrini, kwa hiyo mara nyingi moja inawaka zaidi ya mwenzake, na ubishi unaanza upya: kama mkondo ni ule ule, mbona hii inang'aa zaidi? Ukinzani, yaani jinsi balbu inavyozuia mkondo, wameuitisha wenyewe, sijaulazimisha mimi.

Faida nyingine sikuitegemea. Simulesheni ina maneno machache, kwa hiyo mtoto ambaye Kiingereza kinamfunga mdomo anabishana kwa Kiswahili (na Kichaga, nikigeuka) na anaonekana ana akili zake. Mtihani wa NECTA utakuja kwa Kiingereza, ndiyo maana hitimisho naliandika ubaoni kwa Kiingereza, na wanakopi. Kwa chaki.

Hisabati ni fupi: GeoGebra, programu ya kuchora grafu. Andika y = ax² + bx + c, buruta thamani ya a kutoka chanya kwenda hasi, wauone mkunjo ukitanuka, ukiwa mstari ulionyooka kwenye sifuri, kisha ukigeukia chini. Dakika tano, zima, warudi kwenye maswali.

Intaneti isikutishe. Simulesheni nyingi za PhET unazipakua mjini kama faili, unaweka kwenye flashi, zinafunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Hata kishikwambi ulichogawiwa baada ya Sensa ya 2022, kama bado kinashika chaji, kitazifungua. GeoGebra nayo unaisakinisha mara moja. Ukitaka video, ipo Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji mtandao: kompyuta moja inahudumia nyingine kwa Wi-Fi ya hapo hapo shuleni. Ila video za maelezo ya sauti usizipangie Aprili. Masika ikianza kupiga bati, hata wewe mwenyewe hawakusikii.

Jua pia ni tatizo. Asubuhi likiingia dirishani, picha ukutani inapotea kabisa. Omba vipindi vya darasa ambalo ukuta wake hauelekei mashariki, au tundika pazia.

Na kama mkuu wa shule amebakiwa na fedha na anafikiria kununua vishikwambi vya wanafunzi, mshawishi anunue kwanza pazia zito, ekstensheni ndefu na balbu za tochi. Vishikwambi vitano kwa watoto sabini vitaishia kabatini kwa mwalimu wa taaluma, na funguo ataondoka nazo likizo.