Homa inaenda inarudi na malaria haionekani? Waulize hospitali kuhusu papasi

Ukitafuta mtandaoni homa na viungo kuuma utaletewa Lyme, ile ya kupe wa Ulaya na Marekani. Sisi wa Dodoma tuna ndugu yake hapahapa, homa ya papasi (papasi ni kupe anayejificha kwenye nyufa za nyumba), bakteria wao ni ukoo mmoja unaitwa Borelia, na mimi ilinipata nilipotoka kumuuguza bibi kijijini upande wa Mvumi, tunalala kwenye tembe, zile nyumba za udongo.

Ilianza ghafla, baridi kali, kichwa kinapasuka, magoti na mgongo vinauma, natapika. Kupima malaria, hakuna. Baada ya siku kadhaa jasho likanitoka mpaka shuka zikalowa, homa ikakata, nikarudi gengeni kwangu mzima kabisa, halafu wiki iliyofuata ikarudi upya. Hapo utaambiwa taifodi, utaambiwa UTI, wengine wanakimbilia kwa mganga, maana kila mtu inamjia kivyake, huyu macho ya njano, yule anatoka damu puani.

Kilichonisaidia ni yule kaka wa maabara aliyeniuliza, "Dada, hizi wiki mbili ulikuwa unalala wapi?" Akanitoa damu homa ikiwa juu, akaiweka kwenye kioo, akaniita nichungulie kwenye hadubini: vijidudu vyembamba vimejipinda kama springi. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakivioni hivi, na homa ikishashuka hata kwenye kioo vinapotea, kwa hiyo jamani nendeni mkiwa mnachemka, na mseme wenyewe mmelala wapi, msisubiri kuulizwa.

Nilipewa doksi (doksisaiklini), dawa ya kuua bakteria. Wajawazito na watoto wadogo huwa wanapewa erithromaisini. Dozi ya kwanza inaweza kukutetemesha na homa ikapanda kwa masaa kadhaa kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi, ndo maana inywee palepale hospitali, usiiache. Mjamzito asichelewe hata siku moja, hii homa inatoa mimba.

Papasi mwenyewe hutamkuta mwilini. Ana ngozi iliyokunjamana, hana gamba gumu kama kupe wa ng'ombe, usiku anatoka kwenye nyufa, ananyonya nusu saa hivi anarudi zake. Na anakaa miaka bila kula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa zamani nayo msiiamini. Kwa bibi tumemwaga sakafu ya simenti, tukapiga plasta ukutani, kitanda tumekivuta mbali na ukuta. Kama hela ni ndogo anzeni na chumba wanacholala watoto na wajawazito.